Kupandisha maji hadi kwenye pipa la juu la kibanda cha shambani: pima kimo kabla hujanunua pampu

Mwanzisha uzi

Wadau, salaam. Swali la pampu ya kupandisha maji mlimani huulizwa mara kwa mara, na karibu kila mara majibu huanzia dukani: hosipawa ngapi, inchi ngapi, ya petroli au ya umeme. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona tunaanzia mkiani. Mwenye kibanda kidogo anayetaka kujaza pipa moja la lita 200 hana haja ya pampu kubwa. Anachopaswa kukijua ni maji yatapanda mita ngapi, yatapita kwenye bomba la urefu na upana gani, na yeye mwenyewe yuko tayari kusubiri kwa muda gani hadi pipa lijae.

Nitatumia kibanda changu kama mfano ili tuwe na namba za kujadili. Kipo milimani Lushoto, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ni cha mbao, hakijafikiwa na umeme, na maji yapo bondeni kwenye kijito ambacho hakikauki hata miezi ya kiangazi, ingawa hupungua. Kutoka uso wa maji hadi mdomo wa pipa ni kimo cha mita 18, na bomba linalofuata mteremko lina urefu wa mita 90.

Kimo hicho nilikipima kwa mpira mwangavu wa maji, uleule ambao mafundi ujenzi hutumia kupima levo. Ncha moja ya mpira inawekwa ardhini upande wa juu, na ncha ya pili inafungwa kwenye fito iliyosimamishwa upande wa chini. Pale maji yanapotulia kwenye fito ndipo palipo sawa na ardhi ya juu, kwa hiyo urefu wa fito kutoka chini hadi kwenye maji ndiyo tofauti ya kimo kwa hatua hiyo. Unaihamisha fito, unarudia, unajumlisha. Kazi hii inahitaji watu wawili na uvumilivu kidogo, hasa pale viputo vidogo vya hewa vinapoingia kwenye mpira na kudanganya kipimo, lakini ni ya uhakika kuliko programu za simu zinazosoma mwinuko kwa setilaiti, ambazo zinaweza kupotoka kwa mita nyingi.

Sasa tazameni jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kuinua lita 200 za maji kwa kimo cha mita 20 kunahitaji nishati ya wati-saa 11 tu, kiasi ambacho betri ya simu ya kawaida inakitunza na kubakiza. Pampu ndogo hupoteza sehemu kubwa ya nishati inayopewa, basi tuseme itatumia mara tatu au nne ya hapo, yaani wati-saa 40 hivi. Bado ni kidogo mno. Paneli ya sola ya wati 100 inakitoa kiasi hicho kwa muda usiofika saa moja ya jua zuri, na hata siku ya ukungu wa Lushoto betri ndogo itamaliza kazi.

Ndiyo maana pendekezo langu ni pampu ya diaframu ya volti 12, ya jamii ileile iliyomo ndani ya mabomba ya kupulizia dawa yanayotumia betri, lakini ya ukubwa wa wati 60 hivi. Inatoa takriban lita 5 kwa dakika, na nyingi kati ya hizo zinahimili presha inayotosha kwa kimo cha mita 20 bila taabu, ingawa ni lazima kusoma maandishi yaliyo kwenye pampu yenyewe kabla ya kulipa. Kwa mwendo huo pipa linajaa kwa dakika 40. Asiye na subira ya dakika 40 atalipa gharama za subira hiyo kwa petroli.

Mchangiaji wa Korogwe

Mkuu, nimekuelewa, lakini ninayo tayari pampu ya petroli ya inchi 2, na karatasi yake inasema inapandisha maji hadi mita 30 na inatoa lita 500 kwa dakika. Kwa nini nisiiunganishe kwenye bomba hilo hilo la kwako, nijaze pipa kwa nusu dakika, niizime na kuendelea na shughuli nyingine?

Mwanzisha uzi

Ndugu, namba hizo mbili ni za kweli, ila hazitokei kwa wakati mmoja. Lita 500 ni pale maji yanapotoka bila kupanda popote, na mita 30 ni pale maji yanapofika juu na kusimama, yaani hakuna hata tone linalotoka. Mahali pako patakuwa katikati ya hapo, na bomba ndilo litakaloamua ni wapi.

Bomba jembamba hula presha kwa kasi kubwa kadiri maji yanavyoongezwa mwendo. Katika bomba la plastiki lenye tundu la milimita 20, lita 5 kwa dakika hupoteza kama nusu mita ya kimo kwa kila mita 100 za urefu, kiasi ambacho unaweza kukisahau. Pitisha lita 40 kwa dakika katika bomba hilo hilo, na upotevu unafika karibu mita 24 kwa kila mita 100. Maji yameongezeka mara nane, upotevu umeongezeka zaidi ya mara arobaini. Kwenye kibanda changu pampu yako ina mita 30, inatumia 18 kupanda, inabaki na 12 za kupambana na bomba la mita 90. Hesabu inatoa chini ya lita 30 kwa dakika. Injini inayoweza kumwagilia nusu ekari itakuwa inanguruma ili kutoa kile ambacho bomba limeiruhusu, na petroli inaungua vilevile.

Ukitaka kuitumia kwa faida, badilisha bomba liwe na tundu la milimita 40 au zaidi na uwe na tangi la lita 2,000 badala ya pipa. Hapo itakuwa na maana, lakini hiyo si kazi ya kibanda tena.

Upana wa bomba unafanya kazi kwa upande wa pili pia. Kuna anayedhani kwamba kwa kuwa pampu ni ndogo, mpira wa bustani wa nusu inchi unatosha. Kwa lita zilezile 5 kwa dakika, tundu la milimita 13 litapoteza zaidi ya mita 4 kwa kila mita 100, mara nane ya lile la milimita 20. Pampu itaweza, ila itafanya kazi kwa kujikaza, itapata moto na maisha yake yatakuwa mafupi. Nunueni bomba jeusi la rola lenye kipenyo cha nje cha milimita 25, ambalo tundu lake ni milimita 20 hivi. Lina uzito wa kubebeka, halihitaji maungio mengi, na likizikwa sentimita 30 haliguswi na jembe.

Mchangiaji wa Moshi

Nina swali kuhusu mahali pa kuweka pampu. Kijito kipo bondeni na wezi wapo. Je, haiwezekani pampu ikakaa kibandani, ikavuta maji kutoka huko chini badala ya kuyasukuma?

Mwanzisha uzi

Haiwezekani, na si suala la ubora wa pampu. Pampu inayovuta haivuti maji kwa kweli. Inaondoa hewa ndani ya mpira, kisha hewa ya nje inayakandamiza maji yapande. Uzito wa hewa usawa wa bahari unaweza kushikilia maji hadi mita 10.3, na kwenye mwinuko wa mita 1,600 hewa ni nyepesi kiasi kwamba kikomo kinashuka hadi mita 8 na nusu hivi. Hiyo ni nadharia. Ukiondoa msuguano wa mpira, valvu na maungio yanayopitisha hewa kidogo, kwa Lushoto nisingepanga kuvuta zaidi ya mita 5. Anayeishi Tanga mjini ana nafasi kubwa kidogo, lakini naye asizidishe mita 7.

Kwa hiyo pampu inakaa chini, ndani ya mita chache kutoka majini, na kazi yake kubwa ni kusukuma. Uzuri wa pampu ndogo ni kwamba ina uzito usiofika kilo tatu: unaiteremsha ikiwa kwenye ndoo pamoja na betri, unaunganisha kwa yunioni (kiungio cha bomba kinachofungika na kufunguka), ikimaliza unaifungua na kurudi nayo. Mwizi atakuta bomba lililozikwa tu.

Mwisho wa mpira wa kuvutia uwekwe futivalvu (valvu ya mwisho wa mpira inayozuia maji yasirudi kijitoni) yenye chujio, na chujio lisilale kwenye mchanga. Mimi nimelifunga juu ya jiwe bapa, ndani ya kikapu cha waya wa kuku kilichozungushiwa kipande cha wavu wa chandarua, kwa sababu baada ya mvua kijito huleta majani ya migomba yaliyooza, na mchanga mdogo tu ukikwama kwenye valvu za diaframu pampu itaendelea kuunguruma bila kutoa maji.

Mchangiaji wa Njombe

Nimesoma yote na ninakubaliana na hoja ya kimo, lakini nashangaa kwamba mtu mwenye kijito chenye mteremko anafikiria betri kabla ya kufikiria haidramu. Hii ni pampu inayoendeshwa na maji yenyewe: maji mengi yanashuka kidogo, yanafungiwa njia ghafla, na mshtuko ule unasukuma maji machache yapande juu sana. Haina injini, haina waya, na inafanya kazi usiku na mchana. Mwingereza John Whitehurst alitengeneza ya kufunguliwa kwa mkono mwaka 1772, na Mfaransa Joseph Montgolfier, yule wa puto la hewa moto, akaifanya ijiendeshe yenyewe mwaka 1796. Tangu hapo umbo lake halijabadilika sana.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua lita zinazoingia kwa dakika, zidisha kwa mita zinazoshuka, gawanya kwa mita unazotaka yapande, kisha chukua asilimia 60 ya jibu. Mwenye lita 20 kwa dakika zinazoshuka mita 3, akitaka zipande mita 30, anapata lita 1 na robo hivi kwa dakika. Ukiiangalia inadharaulika, lakini kwa siku nzima ni zaidi ya lita 1,700, yaani mapipa manane.

Mambo mawili huwaangusha wanaojitengenezea. Bomba la kuingizia maji lazima liwe la chuma, kwa sababu la plastiki linatanuka kidogo kila mshtuko na kuumeza ule msukumo unaohitajika; na chemba la hewa, yaani chombo kilichofungwa ambacho hewa yake hupokea kila mshtuko, linahitaji kitundu kidogo sana chini yake kinachovuta hewa kila pigo, la sivyo maji yanaimaliza hewa taratibu na mapigo yanakuwa makavu hadi mabomba yanapasuka.

Mwanzisha uzi

Mkuu wa Njombe, ungekuwa jirani yangu ningekuomba uje kuona. Nilipima mteremko wa kijito mbele ya shamba langu na nimepata anguko la mita moja tu kabla maji hayajaingia kwa jirani. Kwa mita moja ya anguko na mita 18 za kupanda, ningehitaji maji mengi kuliko yaliyopo mwezi Septemba. Mwenye maporomoko, hata madogo, afuate ushauri wako na asinunue betri. Nadhani hiyo ndiyo njia bora kuliko zote zilizotajwa hapa, ila ardhi ndiyo inayokupa au kukunyima.

Fundi bomba, Tanga

Ngoja niseme kuhusu huko juu, maana watu wanahangaika na pampu halafu pipa linawekwa kwenye miti miwili ya msitu. Pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200 na zaidi, na uzito huo upo juu ya vichwa vya watu. Kichanja kiwe na nguzo nne za mikaratusi iliyotiwa dawa au chuma, zilizochimbiwa na kukaziwa zege, na muhimu zaidi ziwe na mbao za mshazari pande zote nne. Kichanja hakianguki kwa kulemewa wima. Huanguka kwa kuyumba upande upepo unapopiga pipa likiwa limejaa. Ubao wa juu uwe mfuniko mzima, si mabanzi yenye nafasi, kwa kuwa kitako cha pipa la plastiki kikikosa pa kukalia hubonyea na kupasuka.

Na kama ardhi nyuma ya kibanda inapanda, achaneni na kichanja. Chongeni kitako kwenye mteremko, mwekeni pipa chini huko juu, mlete bomba hadi nyumbani. Lushoto hilo linawezekana karibu kila mahali.

Kuhusu presha: kila mita 10 za kimo ni presha ya bari moja. Pipa lenye kitako mita 2 juu ya kichwa cha bafu linatoa sehemu ya tano ya bari. Maji yatashuka, lakini hayatarusha. Bomba la kushukia liwe la robo tatu inchi hadi bafuni, koki ziwe zile za mpira wa chuma ndani ambazo zikifunguliwa tundu lote linabaki wazi, na kichwa cha bafu kiwe na matundu makubwa. Mashine ya kufulia msiifikirie.

Tundu la kutolea maji ya matumizi likae sentimita 5 juu ya kitako ili tope libaki, na liwepo tundu jingine chini kabisa lenye koki ya kuoshea. Bomba la kumwagia ziada liwe pana kuliko linaloingiza, na mdomo wake upelekwe mbali na nguzo. Nimeona msingi wa kichanja ukilainishwa na maji ya ziada ya pipa lake mwenyewe.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Naomba niongeze kuhusu pipa lenyewe. Mapipa ya bluu yanayouzwa mitumba hayana historia moja. Lililobeba juisi nzito au mafuta ya kula linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni likatumika; lililobeba kemikali ya kiwandani au dawa ya mimea lisitumike hata likioshwa mara ngapi, kwa sababu plastiki inanyonya. Anayeuza akishindwa kusema lilibeba nini, liacheni. Lipakwe rangi nyeusi au livalishwe gunia, kwani mwanga ukipenya mwani wa kijani huota ndani.

Wavu kwenye mdomo na kwenye bomba la ziada si mapambo. Mbu anayeeneza dengi huzaliana kwenye maji safi ya vyombo vya nyumbani, na tuliopitia milipuko ya mwaka 2014 na 2019 hapa Dar tunajua gharama yake.

Pia, kwa nini hakuna aliyetaja bati? Milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ya paa ni lita moja. Kibanda chenye paa la mita mraba 24 kikipata mvua ya milimita 20 kinaweza kujaza mapipa mawili bila pampu yoyote.

Mwanzisha uzi

Ni kweli, na kwa maji ya kunywa ningeipa mvua nafasi ya kwanza. Kijito changu kinapita kwenye mashamba ya kabichi na viazi ambayo hupuliziwa dawa, na kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi dawa ya mimea. Ila paa liko chini kuliko mdomo wa pipa, kwa hiyo maji ya mvua yanakaa kwenye pipa la pili chini ya kona ya nyumba, nayo hayajawahi kuingia bafuni.

Mchangiaji wa Moshi

Na sheria inasemaje? Nisije nikajenga kibanda cha pampu kando ya mto nikabomolewa.

Mwanzisha uzi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka vibali vya matumizi ya maji chini ya bodi za mabonde. Kwa Lushoto ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Usijenge chochote kingoni. Pampu inayobebwa kwenye ndoo haijengi kitu, lakini kabla hujachimbia bomba nenda ofisini kwao ukaulize kuhusu kibali, na uzungumze na walio chini yako kwenye kijito. Kamati ya maji ya kijiji itakufikia mapema kuliko bodi.

Mchangiaji wa Korogwe

Nimeshawishika, nitaiuza ile ya petroli. Swali la mwisho: pipa likijaa na mimi nikiwa kule chini na pampu, nitajuaje?

Mwanzisha uzi

Funga fuloti ya kawaida kwenye mdomo wa pipa, ileile ya kwenye matangi ya choo lakini ya shaba. Pipa likijaa inaziba, presha inapanda ndani ya bomba, na swichi ya presha iliyomo kwenye pampu nyingi za diaframu inazima yenyewe. Huhitaji waya wa mita 90. Hakikisha tu kwamba presha ya kuzimia iliyoandikwa kwenye pampu inazidi kimo chako kwa kiasi kizuri: kwa mita 18 mimi nisingechukua iliyo chini ya bari 3, kwa sababu swichi ikiwekwa karibu sana na kimo halisi, pampu huzima na kuwaka kila sekunde chache kabla pipa halijajaa. Weka pia, juu kidogo ya pampu, valvu ya kuzuia maji yasirudi, na koki baada yake, ili unapoifungua yunioni usiogeshwe na lita 28 zilizolala kwenye bomba.

Anayetaka tumpigie hesabu ya kwake aandike hapa kimo kwa mita, urefu wa bomba, kipenyo cha ndani cha bomba, lita anazotumia kwa siku, na kama kuna anguko lolote kwenye kijito.